Wimbo Nilioushona kwa Uzi Mwekundu

4 Februari

Kitindamimba wangu,

Nakusalimu kwa upendo, nikiomba barua hii ikukute na afya. Mimi nashukuru Mungu. Ni goti tu linalolalamika kwa kukanyaga cherehani. Miaka miwili hatujaandikiana. Leo nina jambo, na hapa ndani wa kumwambia sina. Nimebaki na cherehani.

Kanisani wameleta filamu ya vijana. Kamati yetu ya akina mama, ndiyo, ileile, ikatakiwa kuitazama kwanza, kila mmoja na daftari lake, aandike mabaya. Filamu yenyewe, mwanangu! Baba ni mdogo kuliko binti yake. Mlango ukifungwa, ukuta unatikisika. Shetani kavaa koti la mvua. Mama Mweka Hazina akaninong'oneza, "Huyu naye, anaogopa kulowa?" Nilicheka mpaka nikakohoa.

Kisha yule msichana akakaa kwenye ngazi za shule, akaimba. Gitaa moja, na dramu kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi asijue kama wenyewe wapo. Mwili ulinisisimka. Filamu ilipokwisha daftari langu lilikuwa jeupe. Wenzangu wamejaza kurasa: dramu, dramu, dramu. Wakaikataa.

Nilikukumbuka.

Mama yako


2 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, bado niko pale pale kwenye kuoka mikate. Barua yako nimeisoma mara tatu wakati wa mapumziko, hadi unga umeingia kwenye mikunjo.

Nina swali moja tu. Walipoikataa filamu, wewe ulisema nini? Maana siku waliponitoa kwenye dramu, eti mtoto wa kike hapigi, niligeuka nikakutazama. Ulikuwa umenyoosha mkono pamoja nao.

Binti yako


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nafurahi u mzima.

Sikusema kitu. Nilifunga daftari upesi wasione kuwa halina neno.

Mama yako


30 Aprili

Kitindamimba wangu,

Hujambo huko? Hujanijibu, na sikulaumu.

Jumapili niliomba kikao kifunguliwe upya. Nikasimama. Nikasema, "Muziki ule ulinisogeza kwa Mungu kuliko mahubiri ya mwezi mzima. Na binti yangu nilimkosea humu humu, nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki."

Mzee wa kanisa akasema taratibu, "Mama Fundi, umechoka. Kapumzike."

Basi wamenipumzisha kweli. Kwenye kamati nimetolewa, na majoho ya kwaya kapewa fundi mwingine. Mama Mweka Hazina tukikutana njiani anakumbuka ghafla alichosahau dukani. Filamu wameirudisha ilikotoka.

Sasa kinachonitisha ni kuusahau ule wimbo. Noti za muziki sizijui; mimi najua uzi. Ndiyo maana umekuta kitambaa humu, ni kipande kilichobaki kwenye majoho. Nimekishona kwa mkono. Mshono mrefu ni sauti inayovutwa, mfupi ni ya haraka, na penye pengo msichana anavuta pumzi. Nimefika hadi nilipokumbuka. Mwisho wake umenitoka kabisa, nimekaa siku nne nautafuta.

Sikuombi kitu. Nilitaka tu uupate wewe, kabla haujaniponyoka wote.

Mama yako


17 Julai

Mwanangu wa mwisho,

Bahasha yako imefika, nami nakusalimu nikiwa bado nimeishika. Nimeikung'uta, nimeichungulia, barua hamna. Kitambaa changu kimerudi. Nikasema, haya, kakikataa. Nikakaa nacho mapajani mpaka chai ikapoa.

Ndipo kidole kikapita pale uzi wangu mwekundu ulipoishia, kikakuta uzi mweusi.

Mishono yako bado mibaya, mwanangu. Imepinda kama meno ya mtoto. Lakini nimetoa nguo kwenye cherehani, nikaifuata kwa mguu mtupu kwenye kikanyagio: mrefu, mifupi miwili, pumzi. Mrefu, mifupi mitatu. Goti leo halikulalamika. Wimbo wa filamu ile haukuishia hivyo, hilo nina hakika. Huu ni wako, na unaushinda ule.

Jambo moja. Mwishoni hukupiga fundo. Nilikufundisha mwenyewe ukiwa na miaka saba, kwamba fundo hupigwa kazi ikiisha, na tangu hapo hujawahi kusahau.

Uzi nimeuacha uning'inie hivyo hivyo. Sindano yako ya utotoni nimeichomeka kwenye mto wake, pale kwenye kiti chako karibu na dirisha.

Mama yako