Waya Mmoja, Kanga Moja

Jumapili, 5 Juni

Kibanda nimefunga mapema. Vifungo na nyuzi kwenye boksi, mtoto mgongoni, ngazi mpaka juu. Nikawasha kompyuta. Mume wangu Hassani na binti yetu Zaina walikuwa wananisubiri kule India, hospitalini. Picha ikaja vipande vipande, ikaganda. Sauti ya Zaina kama inatoka mtungini. Nikaivuta kanga mabegani, nikasogea karibu na kamera. Wapi. Ikakatika.

Ijumaa mwanangu anapasuliwa moyo. Ana miaka saba. Hajaniona vizuri tangu waondoke.

Laini ya intaneti ni moja, kompyuta tatu: yangu, ya Nilesh wa ghorofa ya juu anayeuza vipuri vya kompyuta, na ya Mama Shufaa wa chini. Inalipiwa kwa jina la mume wangu, lakini waya wa simu unaingilia kwa Mama Shufaa, na kile kiboksi cha intaneti kiko sebuleni kwake. Nikateremka vilevile nilivyo, kumwomba wazime kidogo. Alinitazama kifuani, akasema sawa, akafunga mlango. Hata karibu hakuna.

Jumatatu, 6 Juni

Leo ovyo kuliko jana. Picha haiji kabisa. Nimezima, nimewasha. Nimechomoa waya, nimepuliza vumbi, nimechomeka. Mtu akiishiwa akili hupuliza.

Jumanne, 7 Juni

Ujumbe wa Hassani kwenye simu. Zaina kanuna, chakula hagusi. Anasema mama kamwandikia asisafiri. Haingii chumba cha upasuaji mpaka nimwambie mwenyewe, anione uso, kwamba sijakasirika. Kwa simu hataki, kaisukuma.

Sijamwandikia mtu chochote. Nani kamtia maneno hayo?

Naogopa. Leo nimempa mteja uzi wa rangi siyo, mara mbili.

Jumatano, 8 Juni

Nilesh kaja kutafuta ugonjwa. Kazima kompyuta yake, hakuna nafuu. Kazima yangu, kawasha yake, bado inakokota. "Kuna mtu anavuta, dada, tena anavuta kwa nguvu." Amebaki mmoja tu. Akateremka, akarudi anajikuna kichwa. Watoto wa Mama Shufaa wanashusha sinema usiku na mchana, na mama yao kawaambia wasizime hata dakika.

Sababu? "Anasema ulimvalia kanga."

Kanga gani? Nikapekua tenga la nguo chafu. Ile ya Jumapili, ya wifi yangu, niliichukua kambani bila kusoma. USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.

Nikakaa chini. Laini yetu, watoto wake ndio wanaoitumia, halafu nasimama mlangoni kwake na maneno yale kifuani. Hata mimi ningenuna. Na Zaina yuko darasa la pili, anasoma kila kinachopita mbele yake, mpaka pakiti za chumvi. Picha imeganda, maandishi yametulia, mkunjo umeficha yaliyobaki. Kasoma alipofika: Usisafiri.

Kanga moja imenigombanisha na watu wawili. Nimecheka, halafu nimelia.

Alhamisi, 9 Juni

Asubuhi nimeteremka na baibui tupu. Shikamoo yangu Mama Shufaa kaiitikia puani. Nimemweleza yote, na la Zaina pia, maana jengo zima tuliliambia kaenda kutembea kwa shangazi. Mama mkwe hakutaka macho ya watu. Mama Shufaa akaufungua mlango wote. Kisha: "Mtoto anapasuliwa kesho, na mimi nimekaa hapa nagombana na kitambaa." Akauliza mnaongea saa ngapi. Samahani hakuitamka, na mimi sikumdai.

Jioni yeye kazima ya kwake, Nilesh kachomoa ya kwake. Mama Shufaa akaweka kigoda mbele ya kile kiboksi, wanawe wasikiguse. Picha safi. Nimeona mpaka pengo la jino. Nilivaa gauni lisilo na neno. Zaina alinitazama kifuani kwanza, akitafuta. Nikamwambia sijakasirika, lile neno halikuwa lake. Nenda, mwanangu, urudi.

"Haya," akasema. Akataka kumwona mdogo wake. Nikamgeuza mtoto, wakatazamana mpaka mmoja akapiga chafya.

Ijumaa, 10 Juni

Kibanda sikufungua. Mama Shufaa kapanda na uji, akakaa pembeni ya kitanda. Uji ukapoa. Simu nimeishika mpaka ikawa na jasho.

Mchana Hassani kapiga. Zaina katoka. Kafumbua macho, anaomba maji.

Mama Shufaa ndiye aliyeanza kulia. Nikamfuata.

Jumamosi, 11 Juni

Mtoto kalala. Intaneti imeanza kukokota tena, watoto wa chini wamerudi kwenye sinema zao. Nimewaacha.

Nimefua. Ile kanga nimeianika na maandishi kwa ndani.