Kumbukumbu ya Mineo Kuwabata, Mpiga Tarumbeta wa Misago

Mwaka umekatika, Baba Kazushi, tangu ulipotutoka. Ilikuwa asubuhi ya mvua za mwezi wa sita, madirisha ya hospitali yakitiririka maji, na redio yako ndogo iko kando ya mto wa kichwani. Misago, timu yetu ya besiboli, walikuwa wamefungwa jana yake. Hatukukwambia. Ulitutazama tu usoni, ukafumba macho kama mtu aliyekwisha kuzoea.

Ulikuwa fundi wa mikeka ya tatami, na nyumba yetu yote ilinukia majani makavu. Vidole vyako vilikuwa na sugu hata ukaweza kuinua birika la moto bila kitambaa. Chakula chako kilikuwa wali uliomwagiwa chai, na figili ya chumvi pembeni. Siku za mechi ulikula umesimama.

"Keti basi," Mama Kazushi alikuwa akikwambia. "Mpira hauchezwi na tumbo lako."

"Nikikaa, wanafungwa."

Uliposimama pia walifungwa, lakini hukubadilisha mwendo.

Katika jukwaa la kulia, umevaa koti refu la bluu la kikundi cha washangiliaji, hukuwa fundi tena. Ulikuwa Mkuu. Mkono wako mmoja uliwasimamisha maelfu. Mechi ikiisha ulikuwa wa mwisho kutoka, ukiokota makopo na vijiti vya kulia vilivyoachwa na wengine. Uliwafundisha wasichana wa viwandani kupuliza tarumbeta, ukawavumilia wakati hata paka wa jirani hawakuwavumilia. Rafiki yako Mzee Nagare alipopofuka ulimtengea kiti karibu na ngoma, ukawa unamsimulia mechi sikioni katikati ya nyimbo. Hayo tunayataja kwanza kwa sababu ni kweli.

Kila mchezaji wa Misago alikuwa na wimbo wake, na nyimbo hizo ni wewe uliyezitunga. Mpigaji akiingia na gongo lake, tarumbeta zinalia, ngoma zinajibu, watu wanaimba jina lake mpaka zamu yake iishe. Ila ulikuwa na sheria: wimbo si sadaka. Mchezaji akilegea, uliinua mkono, na jukwaa zima likanyamaza. Hamkuzomea. Mlinyamaza tu, na walisema heri kuzomewa. Hirosawa, mpigaji mkongwe, alinyamaziwa hivyo mpaka mkewe akaja dukani kwetu kukuomba. Ulimpa chai. Wimbo hukumpa.

Kisha Misago wakamchagua mwanao. Kazushi alikuwa karibu wa mwisho kuitwa katika uteuzi wa vijana, lakini aliitwa. Ulifunga duka, ukaagiza upikwe wali mwekundu wa kunde, kisha ukaenda kulia nyuma ya marundo ya majani ukidhani hatukuoni. Wimbo wake ulikula majira yote ya baridi. Ulipuliza, ukafuta, ukapuliza tena, jirani akagonga ukuta. Siku ulipoimbwa mara ya kwanza, Kazushi aligusa ukingo wa kofia akitazama upande wenu. Ulishindwa kumaliza kuupuliza.

Katika msimu wake wa tatu mambo yakamharibikia. Alilinda kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali ambapo mpira huja kama jiwe la manati, na akaanza kuudondosha. Akishika gongo, anapiga hewa. Ikafika jioni moja mpira wa kizembe, unaojiendea wenyewe chini, ukampita katikati ya miguu, na Misago wakapoteza mechi mbele ya mahasimu wao wa ng'ambo ya ghuba.

"We Kazushi, hiyo glavu umeitoboa?"

"Mpira haung'ati, kijana, ushike!"

"Mwacheni. Huyo anacheza kwa pumzi za babake."

Hilo la mwisho lilitoka mgongoni mwako, kwa watu wa kikundi chako. Hukugeuka. Masikio yako yaliiva mekundu.

Baada ya mechi mlikaa kwenye duka la tambi karibu na stesheni. Mzee Nagare alikuwepo, na ndiye aliyetusimulia. Orikasa, mpiga ngoma wako mkubwa, aliyekula nyumbani kwetu kila Mwaka Mpya, alingoja mabakuli yaletwe ndipo akaanza.

"Mkuu, Hirosawa tulimnyamazia kwa makosa machache kuliko haya."

"Najua."

"Mkewe alilia kwako. Ukamwambia wimbo si sadaka."

"Nimesema najua, Orikasa."

"Sawa. Nilidhani labda mkuki ni kwa nguruwe."

Wenzako walichekea ndani ya mabakuli yao, asijulikane nani kacheka. Nagare anasema hakusikia vijiti vyako vikigusa bakuli.

Nyumbani, Mama Kazushi alikusoma ukiwa bado unavua viatu.

"Ugua kesho," alisema. "Sema una homa. Mwingine ainue huo mkono."

"Nikijificha watasema nimempendelea."

"Mpendelee basi. Ni mwanao."

"Nitamwaibisha."

"Yeye, au wewe ndiye unayeogopa kuaibika? Sema kweli, Baba Kazushi."

Ulikaa ukaisugua tarumbeta kwa kitambaa mpaka ikawa inatuakisi nyuso zetu.

Siku ya pili yake tulikuwepo, mama na binti yako Chinatsu, viti vya chini kidogo ya kikundi chako. Zamu ya Kazushi ilifika wakati wachezaji wawili wa Misago wako vituoni. Pigo moja zuri lingewaingiza wote na mechi ingeisha kwa ushindi. Alitembea taratibu, akagonga viatu kwa gongo kutoa udongo, akagonga tena. Alikuwa anangoja tarumbeta. Uliinua mkono.

Tulisikia misumari ya viatu vyake ikikwaruza mchanga. Tulisikia kopo la bia likifunguliwa mbali, upande wa pili wa uwanja. Kazushi aligeuka akatazama jukwaa la kulia, akakutafuta, akakuona. Ulikuwa unamtazama machoni na mkono wako ukabaki juu. Alipiga hewa mara ya kwanza. Alipiga hewa mara ya pili. Mpira wa tatu, wa kumaliza zamu yake, hakuupiga hata kidogo, aliuacha upite kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

Kutoka kwa mashabiki wa wageni, watu waliokuwa na kila sababu ya kufurahi, mwanamke mmoja alisema, "Jamani, yule si mwanawe?" Tulimsikia wazi, kwa jinsi ulivyokuwa umeunyamazisha uwanja.

Wenzako walikushika mabega. Walisema huyo ndiye Mkuu wa kweli. Uliporudi nyumbani ulikuta taa zimezimwa na wali wako umefunikwa sahani, na hakuna aliyetoka kukupokea.

Vuli ilipoingia Misago walimwachisha. Alikuja kuchukua nguo zake. Alisimama mlangoni, viatu mguuni kama mgeni wa kupita, kitu ambacho hakuwahi kufanya tangu azaliwe.

"Uwanja mzima ungenizomea, Baba, ningelala usingizi."

"Ilikuwa sheria, Kazushi. Kama ningekuwa—"

"Sheria ni yako na mtoto ni wako. Ulikuwa na nafasi ya kuchagua."

Akaenda kaskazini kufungasha kaa wa baharini kiwandani. Alimpigia simu mama yake tu, saa ambazo alijua uko dukani.

Ulijifariji kwamba umebaki na jukwaa. Msimu mpya haujaanza, kikundi kikakuita mkutanoni. Orikasa ndiye aliyesimama kuzungumza. Picha za siku ile zimezagaa, alisema, na watu wanauliza ni kikundi gani hiki kinachoongozwa na mtu asiye na moyo. Jina la kikundi linachafuka.

"Ni wewe uliyenitaka nifanye," ulisema.

"Nilikuuliza tu, Mkuu. Aliyeinua mkono ni wewe."

Walitaka koti. Ulilivua pale pale, ukalikunja mikono ndani, kola juu, kama ulivyowafundisha wao kulikunja. Ulirudi na shati katika baridi ile. Usiku huo huo walimpa Orikasa ukuu.

Lililokumaliza lilikuja wakati maua ya miti ya cheri yamekwisha kupukutika. Misago walikuwa wameleta kijana kutoka Kyushu achukue nafasi ya Kazushi. Ulikuwa unashona ukingo wa mkeka, redio imewashwa, mtangazaji akasema kijana anaingia na gongo, tarumbeta zikaanza. Ulikuwa wimbo wa mwanao. Walikuwa wamebadilisha jina tu. Sindano ilipita kwenye nyama ya kiganja chako, ukaiacha humo mpaka wimbo ukaisha. Chinatsu ndiye aliyeitoa. Mkeka ule haukuuzika. Damu haitoki kwenye majani.

Ulipougua koo, walikata wakaondoa kisanduku cha sauti pamoja na uvimbe. Mtu aliyewaimbisha maelfu akawa anaomba maji kwa kugonga kitanda. Kutoka kwenye kikundi alikuja Mzee Nagare peke yake, akiongozwa na mjukuu wake. Wengine walituma matunda.

Mama alipompigia Kazushi, hakuuliza maswali. Alifika jioni moja na buti za kazi, ananuka bahari. Ulipomwona ulijaribu kuinuka. Mirija ya dawa ikanasa, nawe bado ukalazimisha kuinama, kichwa kikigusa shuka.

Alikushika bega akakurudisha kwenye mto.

"Lala, Baba. Sikuja kukusamehe. Nimekuja kumpumzisha mama."

Akakunyoa ndevu. Akakukata kucha. Akakuosha miguu, kidole kwa kidole, kwa mikono iliyochanika kwa magamba ya kaa. Ulikuwa unalia muda wote ule bila sauti, na alipofika usoni alikufuta machozi kwa taulo ile ile iliyofuta sabuni, bila haraka na bila upole. Ulimshika mkono. Hakuutoa, wala hakuufumba juu ya wako. Kulipokucha ulikwenda.

Tunaokukumbuka ni mkeo Sadae, anayekubadilishia maji na ubani mbele ya picha yako kila asubuhi na ambaye bado hajaanza kukusemesha, binti yako Chinatsu, aliyeshika sindano na duka lako, mkweo Eisaku, mjukuu wako Momoe, ambaye hukuwahi kumwona, na rafiki yako Mzee Nagare. Kikundi nacho kiliomba kitajwe humu. Mama amekataa.

Mwanao Kazushi ameruhusu jina lake liandikwe. Ametukataza kuandika kwamba amekusamehe. Kukusahau, Baba, kumetushinda sote, na yeye ndiye aliyejaribu zaidi.