Nani Huyu "Ihn"?

Shangazi Brigitha, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijavunja nyumba yangu, mimi nakaa hapa Viwanja Sitini, Ifakara, mke wangu Agnella ni muuguzi na anajifunza Kijerumani kwenye simu ili akafanye kazi Ujerumani, mwenyewe nilimruhusu, lakini siku hizi akiwa jikoni na mchele wake nasikia "ich liebe ihn, ich liebe ihn", anacheka peke yake, nikiingia ananyamaza. Nilimuuliza maana yake akasema "nampenda", nikauliza nani, akasema ni zoezi tu. Zoezi gani la kupenda, Shangazi? Nikamfuata jamaa yangu Fridolin, anayetembeza watalii kule Sanje, akaniambia ihn ni mwanaume, angekuwa mwanamke wangesema sie. Juzi tena, "ich wasche ihn", Fridolin akasema hapo anamwosha. Anamwosha nani, wakati mimi naoga mwenyewe? Mtihani wake ni wiki ijayo Dar es Salaam, bila pasipoti hapokelewi, na pasipoti nimeificha. Nimrudishe kwao Mlimba, au nivute subira nimfumanie?

Mwenye Mashaka

Marahaba, mwanangu. Pole, wivu unachoma. Lakini umeniudhi.

Umeandika mwenyewe kwamba yuko na mchele. Kijerumani nacho kina ngeli, ila wenzetu hata vitu wanavipa jinsia, na mchele kwao ni wa kiume. Wewe unasema "naupenda, nauosha, naupika", Mjerumani hapo anasema ihn. Huyo mwanaume unayetaka kumfumania, jana ulimla na mboga.

Sikuapii kwamba Agnella hana mtu, siishi kwenu. Ila ihn si ushahidi, na Fridolin amekupa nusu ya somo, nusu nyingine umeijaza wewe kwa hofu. Tena hofu yenyewe naijua: akifaulu atapanda ndege, na huna hakika atarudi. Hofu hiyo ni ya haki kabisa. Kuficha pasipoti ya mtu si haki, na akikosa mtihani kwa mkono wako, utakuwa umempa sababu ya kweli ya kukuacha.

Mrudishie leo, umwombe radhi, umwambie wazi kuwa unaogopa kuachwa. Halafu muulize Wajerumani wanasemaje "nakupenda". Umezunguka mpaka Sanje kutafuta neno la mtu wa tatu, la kwako hukuliulizia.