Papa Bahati na kibuyu ya wakwe

Masisi, siku ya Mungu

Niko na kasirani mpaka ugali inanikataa. Papa Bahati, mugonjwa wa sukari kama mimi, leo amekunywa pombe ya ndizi ku mahari ya binti yake!

"Papa, unataka tukule ndoa na kilio siku moja?" nikamuuliza.

"Kocha, kukataa kibuyu ya wakwe ni kuvunja ndoa ya mutoto."

Uongo mutupu! Ndugu yake anaweza kunywa pa nafasi yake, na ndugu walijaa pale kama nzige.

Mimi sukari iliniangusha mu mavi ya ng'ombe, njo nikaacha pombe, nikaanza kupanda milima. Sasa hata pikipiki inaniachia njia! Njo maana wazee wagonjwa wananifuata asubuhi, wananiita kocha.

Na Papa Bahati, kidonda ya sukari ku muguu yake imeanza kunuka. Kesho asubuhi nitamutoa mu kitanda na fimbo, apande mulima na sisi. Na kama haamuke... kilio itatangulia ndoa.