Hamisi, Isipingo Wanataka Jibu

Mpendwa mdogo wangu Hamisi,

Marahaba. Najua umeniamkia kimoyomoyo hata kabla hujaanza kusoma, kwa hiyo napokea. Mimi mzima, duka zima, mdomo ndiyo usiseme. Kinachoumwa ni subira.

Barua hii naiweka wazi, isomwe na kila mtu wa safu yetu ya maduka hapa Isipingo, kwa sababu nimechoka kukujibia. Mtu anaingia dukani, hanunui hata soksi, ananiuliza, "Mdogo wako wa barafu anasemaje?" kana kwamba mimi ndiye redio yako. Nami nikikuuliza wewe, unanirudishia lile neno lako: inategemea. Hamisi! Mimi nimefanya biashara Lubumbashi, Lusaka na Maputo, nimekula meza moja na waziri (alikuwa ameshaachishwa kazi, lakini waziri ni waziri), na sijapata kuona mtu anayesoma miaka yote hiyo ili aje kuniambia inategemea.

Unakumbuka chumba chetu cha Glenwood, ulipokuwa chuoni? Wewe mezani, mimi sakafuni na marobota yangu ya makoti ya mitumba. Mwenye nyumba alikukuta umeingiza kichwa kwenye friji lake, rula mkononi, unapima barafu iliyoota ukutani. Akaniuliza kama una akili timamu. Nikamwambia, mama, mheshimu huyo, ni profesa. Ulikuwa mwaka wa kwanza.

Na safari yako ya kwanza kwenda kusini kabisa, kule meli inakopasua barafu ili ipite, nani alikuchagulia koti? Nilipekua robota zima. Nikakuapia kwamba koti lile baridi italiogopa. Ukalipokea kwa mikono miwili, kwa adabu yako ile. Baadaye ukanitumia picha: umevaa suti nyekundu mliyopewa na wenye safari, na koti langu umelitandika chini ya magoti, unatoboa barafu ya bahari upime unene wake. Sikukasirika hata kidogo. Picha ile niliionyesha stendi nzima ya teksi. Nikawaambia, tazameni, sayansi ya dunia imepiga magoti juu ya koti la Rajabu.

Sasa tuje kwenye glasi.

Ulikuja likizo, ukakaa dukani kwangu juu ya robota. Nikakuuliza kama kaka anavyouliza, "Hiyo barafu yenu ikiyeyuka yote, sisi wa huku bondeni si tunazama?" Ukaomba glasi, maji, na vipande vya barafu kwa yule jirani wa juisi. Ukatia barafu, ukajaza maji mpaka ukingoni. Tukangoja. Barafu ikaisha, na hata tone moja halikumwagika.

"Umeona, kaka? Barafu inayoelea baharini ikiyeyuka, maji hayapandi. Nafasi yake ilikuwa imeshaichukua."

Niliruka, Hamisi, kama nimefunga goli. Hapo hapo akaingia mteja wa mablanketi. Ukasema, "Subiri kidogo, kaka, kuna na barafu ya nchi kavu..." Nikakwambia sharp, nimeelewa, nikaenda kwa mteja. Na wewe ukanyamaza.

Wiki ile onyesho la glasi nililifanya stendini, saluni, hata nje ya msikiti. Watu wanakodoa macho, mimi nacheka. Na mmoja wao alikuwa Mama Furaha, fundi cherehani wetu wa kutoka Uvira, yule anayechanganya Kiswahili cha kwao na Kifaransa. Wakati ule alikuwa anatafuta chumba cha biashara, na kilichobaki ni kile cha mwisho kwenye safu yetu, karibu na mtaro.

"Kaka Rajabu, watu wanasema ile mtaro inajaaka."

Nikamwekea glasi. Barafu ikaisha, maji yakatulia. Nikamwambia, "Mdogo wangu, daktari wa barafu, amesema hakuna shida." Amesema! Kesho yake akatia saini.

Mvua ile kubwa ilipokuja, haikuuliza habari za glasi. Maji ya mtaro yaliingia madukani mpaka kiunoni. Vyerehani vyake sita tulivitoa sisi wawili, vinachuruzika tope, na vitenge vya sare ya kwaya ya watu vimejikunja kama matumbo ya ng'ombe. Alhamdulillahi, hakuna aliyekufa. Mama Furaha alikaa kwenye ngazi, akajikamua sketi, akasema, "Bon. Kumbe hata docteur anakoseaka."

Na mimi, Hamisi, mtu wa maneno, nikaendelea kukamua vitenge. Nikakuachia wewe mzigo.

Nikakupigia simu kwa hasira, nikakufokea kana kwamba wewe ndiwe mvua. Ukasema taratibu, "Kaka, mimi napima barafu ya bahari na ardhi iliyoganda. Mito si kazi yangu." Eish! Unamwambia hivyo mtu aliyesimama kwenye tope? Halafu ukanieleza kwamba huko kaskazini ya mbali kuna ardhi iliyoganda tangu babu wa babu zetu hawajazaliwa, sasa inalainika, inatoa pumzi mbaya inayozidisha joto. Kwamba bahari ikipata joto, mawingu yanabeba zaidi. Nikauliza, "Kwa hiyo maji yatarudi?" Ukasema, "Yanaweza kurudi mara nyingi kuliko zamani. Lini, sijui. Inategemea." Nilikata simu. Nisamehe, lakini ningekusikiliza zaidi ningeitafuna.

Sasa mwenye majengo amepaka rangi upya na anataka mikataba mipya kabla ya Ijumaa. Mimi nina mguu mmoja ndani na mmoja Overport, huko juu kilimani. Mama Furaha ameanza tena na vyerehani vinne. Wateja wake wako hapa. Akihama, ni kama kuanza kuzaliwa. Juzi akaja. "Kaka, mudogo wako anasema nini safari hii?"

Nikajifanya nahesabu makoti. Jana nikamfuata chumbani kwake.

"Mama Furaha, Hamisi hakusema. Nilisema mimi."

"Ulisema nini?"

"Ile ya glasi. Hakuwa amemaliza. Kuna barafu nyingine, iliyolala juu ya nchi kavu. Hiyo ikiyeyuka inaingia baharini, na bahari inapanda. Na mvua ni habari nyingine kabisa. Hakuna shida, hilo neno ni langu."

Akaondoa mguu kwenye cherehani. "Donc muda wote huu ninamukasirikia mutoto wa watu bure?"

"Bure."

"Na wewe sasa unasema nini? Tuhame ao tubaki?"

"Sijui."

Akanitazama mpaka nikaona aibu ya viatu vyangu. "Leo ndiyo umesema kitu," akasema.

Lakini na wewe, Hamisi! Uliniona nimeruka. Unamjua kaka yako, unajua habari ikitoka kinywani mwangu inafika Isipingo yote kabla ya adhuhuri. Ungenivuta shati! Ungenipiga na hiyo glasi! Eti mkubwa hakatizwi. Heshima gani hiyo, ya kumwachia mkubwa wako aende sokoni na nusu ya somo? Baba alitufundisha adabu, hakutufundisha kunyamaza mtu akipotea. Kosa ni langu, nimelikubali mbele ya watu. Hiyo ya adabu ni yako, ibebe.

Kwa hiyo mpigie Mama Furaha mwenyewe kabla ya Ijumaa. Mwambie yote, na hilo inategemea lako mwambie pia, inategemea nini na nini. Yeye ni fundi, anapima mara mbili kabla ya kukata. Atakuelewa kuliko mimi. Akiamua kubaki, nitamjengea meza za miguu mirefu za kuinulia vyerehani. Akiamua kuhama, nitabeba. Lakini aamue kwa maneno yako, si kwa yangu.

Leo asubuhi nimepita mlangoni kwake. Siku zote ni "kaka, umeamukaje?" Leo amesema, "Bonjour, Bwana Rajabu," akaendelea kushona.

Mpigie, Hamisi. Na uvae nguo za joto.

Ni mimi, kaka yako, hata kama kuna anayesita kuniita hivyo,
Rajabu