Fahali Hafufuki

Jumatatu, 2 Novemba 1998

Anatembea! Fahali wangu anatembea! Miguu minne, mkia, na zile pembe ambazo mwenzangu Phineas amechora kwa vinukta wiki nzima akilia mgongo. Nikibonyeza mshale huu anaenda mbele, ule mwingine anarudi nyuma. Nimepiga kelele mpaka wanafunzi wa taipu chumba cha pili wakanyamaza. Madam Mildred, mwenye chuo, akachungulia mlangoni — kama ni nyoka tumuue, kama ni gemu tupunguze sauti.

Sijali. Mimi ni mtu wa michezo tangu utotoni. Banta na kati, michezo yetu ya uani, kule Lugari hadi Mama anifuate na mwiko. Halafu ile gemu ndogo ya matofali aliyoleta mjomba kutoka Nairobi — betri zikiisha naziweka juu ya bati zipate jua, jioni nacheza tena. Lakini kutengeneza yangu! Hapa Kakamega, juu ya duka la mbegu! Nani kama mimi?

Ijumaa, 6 Novemba

Madam ametoa sharti. Mwisho wa mwezi kuna Shoo ya kilimo, na chuo chetu kimepata stendi. Anasema vyuo vingine vyote vitaonyesha taipu. Yeye anataka watu wasimame kwake. Watu wakisimama mpaka Jumamosi jioni, kompyuta hii inakuwa yetu, na mlango unaandikwa GEMU kwa rangi. Wakipita tu, mashine inarudi kwa taipu. Na sisi pia. Sawa. Nimekubali kabla Phineas hajafungua mdomo.

Jioni habari nyingine. Jirani yetu wa Lugari, Mzee Kibiwott, alileta mahindi mjini kwa pikapu yake, akanipitia na maneno ya Baba. Baba amenitafutia nafasi chuo cha ualimu. Usaili ni Jumatatu baada ya Shoo, kwa hivyo anakuja Jumamosi ile kunichukua na mizigo yangu yote. Eti mtu mzima hali gemu.

Nikamwambia Mzee, mwambie Baba nimesikia. Sikusema nimekubali!

Jumanne, 10 Novemba

Aibu. Aibu tupu!

Mama yake Phineas alikuja kutoka Mukumu na ingokho, kuku wa kienyeji, kwenye sufuria. Nikamwambia, Mama, keti uone kazi ya mtoto wako. Mafahali wawili wakagongana, damu ikatoka, mmoja akaanguka akafa. Akasimama tena. Si ana roho tatu? Gemu zote nilizocheza zina roho tatu!

Mama akaniangalia, akaangalia skrini, akaniangalia tena. "Ng'ombe akifa anakuliwanga. Huyu nani amemfufua?"

Halafu akacheka mpaka akafuta macho na leso. Akasema kwao Isukha, mafahali wakipiganishwa, fahali hafi kiwanjani. Akishindwa anageuka, anaonyesha mkia, anakimbia. Basi. Kesho kutwa anaweza kurudi. Nani atafuga fahali miaka yote hiyo ili auawe mbele ya watu?

Nikamgeukia Phineas — wewe ni wa huko, mbona ulinyamaza? Eti nilikuwa mkali sana, akaogopa. Mimi! Mkali! Nilimrushia kifutio.

Ingokho ilikuwa tamu lakini.

Jumamosi, 14 Novemba

Phineas amenipeleka kwao Isukha kuona mafahali wakipigana. Alfajiri, umande mpaka magotini, ngoma za isukuti zinalia hadi tumbo linatetemeka. Baba yangu alizaliwa huku, vilima viwili tu kutoka kiwanja kile. Waliondoka kwenda shamba la Lugari kabla sijazaliwa. Hajawahi kunitajia fahali hata siku moja!

Sasa nimeona. Yule mweusi alirudi nyuma, akarudi, akarudi, lakini uso mbele, pembe chini. Nikadhani ameshindwa. Kumbe anavuta pumzi! Ghafla akaingia ubavuni, na mwenzake akageuka, mkia juu, akapita katikati ya watu. Mbio! Mimi pia mbio! Nilipoteza kiatu kimoja na sikurudi kukitafuta. Hakuna aliyekufa. Wote tulikuwa tunacheka.

Nilikuwa mjinga. Mjinga mwenye furaha.

Jumatano, 18 Novemba

Nimefuta damu. Nimefuta roho tatu. Phineas alishika kichwa — kazi yote ile!

Sheria mpya ni hii. Watu wawili, kibodi moja, fahali mmoja kila mtu. Kurudi nyuma kunampa fahali pumzi. Lakini akibanwa ubavuni anageuka na kukimbia, na umati unamfuata. Aliyeshindwa anainuka, anaenda mwisho wa laini. Aliyeshinda haondoki kwenye kiti mpaka ashindwe. Na kila mtu anaandika jina la fahali wake kabla ya kuanza.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwangu wanakaa kibodi moja! Tumecheza mpaka vidole vikauma. Phineas hajanishinda hata mara moja. Maskini.

Alhamisi, 26 Novemba

Shoo imefunguliwa. Asubuhi watu walipita tu, wanaenda kuona ngamia. Nilitaka kulia. Halafu makarani wawili wa baraza la kaunti wakaketi kidogo, eti kupumzisha miguu. Mmoja akashindwa. Akakataa kukubali! Akaenda mwisho wa laini — laini ya mtu mmoja — akasimama huko na hasira zake. Watu wakauliza, huyu anangoja nini?

Kufika saa nane sikuweza kuona ngamia kwa sababu ya vichwa.

Ijumaa, 27 Novemba

Laini imezunguka stendi ya mbolea! Watu wa mbolea wamelalamika! Sister mmoja wa misheni ameshinda wanaume wanne, fahali wake anaitwa REHEMA. Sina sauti. Madam Mildred ananiita "mwanangu".

Jumamosi, 28 Novemba

Naandikia hapa hapa stendini, juu ya katoni. Lazima niandike sasa.

Mchana Madam alituambia mimi na Phineas kwamba fundi wa rangi tayari ameanza mlango. G na E zimekauka. Nikamkumbatia katikati ya watu. Tumeshinda! Halafu nikageuka, na Baba amesimama nyuma ya laini. Koti la kanisani. Kofia mkononi.

Nilikimbia kumwamkia. Akauliza mizigo iko wapi, Mzee Kibiwott anataka kuondoka mapema. Nikasema iko chumbani, Baba, lakini ona kwanza. Akasema hana haja ya kuona watoto wakicheza. Wakati huo isukuti aliyotunga Phineas ikalia kwenye kompyuta — tii-tii tu, lakini ni isukuti — na fahali wa mtu akageuka na kukimbia. Baba akageukia skrini. Akavaa kofia. Akasimama kwenye laini.

Kwenye laini, Baba yangu!

Alipofika kitini aliandika kwa kidole kimoja, polepole, N, G, U, Z, O. Nikamuuliza Nguzo ni nani. Hakuniangalia. "Ng'ombe yangu. Nilimwachanga Isukha tulipopata shamba. Mahindi na fahali havikuenda pamoja." Sauti yake ilikuwa chini sana. Ningejua wapi? Miaka yote hiyo meza moja naye.

Na anajua kupigana! Hana haraka. Anarudi nyuma, anarudi, uso mbele, halafu paa, ubavuni! Amemtoa karani. Amemtoa Phineas. Amemtoa hata Sister, naye Sister akampa mkono. Watu wanaimba Nguzo, Nguzo, na Baba amevua koti.

Mzee Kibiwott amepiga honi getini mara ya tatu. Sasa amekuja mwenyewe kumwita Baba — Patroba, giza litatukuta Turbo! Baba anasema sheria ni sheria, aliyeshinda haondoki. Bila kugeuka. "Nani mwingine?"

Hakuna mwingine, waliotolewa wamekata tamaa ya kurudi kwenye laini. Kiti cha pili kiko wazi. Wote wananiangalia mimi, hata Mzee, na funguo zake mkononi. Phineas ananiambia, Roda, ni wewe tu unaweza kumtoa. Kweli. Baba akirudi nyuma anaacha ubavu wa kushoto wazi, kila mara. Nikiketi pale hamalizi hata dakika, atainuka, atavaa koti, ataulizia mizigo yangu.

Phineas ananivuta mkono. Nimemwambia aniache, bado naandika.