Koti la Inspekta Mchana

Jumatatu, 9 Agosti 1976. Soweto, Mbeya

Barua ya Liberatus imefika! Mkutano upo. Jumamosi tarehe 21, Iringa, ukumbi wa jamii, saa nne asubuhi. Wasomaji wote wa gazeti la picha la Kibatari kutoka Iringa, Mbeya, Njombe na Songea. Kila mtu avae kama mhusika anayempenda. Asiyevaa haingii! Liberatus ni mwalimu wa shule ya msingi na katibu wa chama chetu, lakini huandika kama mkuu wa mkoa.

Halafu habari yenyewe, ameiweka mwishoni kabisa. Mpiga picha wa Kibatari anakuja kutoka Dar. Yule jamaa anayeigiza Inspekta Mchana ameacha, amepata masomo nje. Wanatafuta Mchana mpya. Atachaguliwa palepale ukumbini.

Nimeisoma mara nne nyuma ya stoo. Miaka mitano sijakosa toleo. Natembea kama Mchana, naweka kofia kama Mchana. Seni, mwenzangu wa stoo, anasema hata kupiga chafya napiga kama Mchana. Miaka ishirini na mitatu nimehesabu magunia ya watu — basi na mimi nihesabiwe!

(Miaka ishirini na mitatu ni umri wangu, magunia ni miaka miwili tu. Lakini inatosha.)

Jumatano, 11 Agosti

Suruali ya bugaluu ninayo. Kofia nimeazima. Miwani ya jua kanipa utingo mmoja wa stendi. Bastola nimechonga mwenyewe, ya mti, nimeipaka rangi nyeusi. Nzuri mno!

Koti ndiyo balaa. Mchana bila koti refu ni karani wa stoo. Ni mimi. Nimekwenda kwa fundi Matilda sokoni. Ameniangalia juu mpaka chini, kasema kitambaa mji mzima hakuna, labda anishonee la magunia, nina ujuzi nayo.

Seni hana shida hata kidogo. Yeye ni Daktari Jivu, adui wa Mchana: shuka jeupe na majivu usoni. Kwao Usangu wana ng'ombe na moto, majivu bure.

Nimerudi chumbani nikafunga mlango. Na koti liko hapohapo, nyuma ya mlango, kwenye msumari. Refu, rangi ya kaki, kola pana, mkanda. Koti la marehemu kaka Tadeo. Alilinunua Ndola akiendesha malori. Aliliacha kwangu mwezi wa tano, akasema nitalipitia. Mwezi wa sita tukamzika.

Baba mkubwa Saulo alipohesabu nguo za marehemu alisema koti likae kwangu mpaka kikao cha ukoo, mwezi wa tisa. Likae. Hakusema livaliwe. Kwetu nguo za marehemu hazichezewi. Anayevaa nguo yake mbele za watu kabla ya kikao amejichagua mwenyewe: amesimama mahali pake. Anachukua jina lake, shamba lake, watoto wake. Na mke wake.

Sijaligusa. Nimeliangalia tu.

Jumamosi, 14 Agosti

Nimeligusa. Nimelivaa. Mlango umefungwa kwa komeo, hapakuwa na mtu. Limenikaa kama nimeshonewa! Nikajiangalia kwenye kile kioo kidogo, kipande kwa kipande, bega, kola, mkanda. Nikasema kwa sauti ya Mchana, "Taratibu, kijana." Nywele zilinisimama.

Na hodi ikabishwa. Shemeji Tusekile! Mke wa Tadeo — mjane wake, bado nakosea. Ameshuka kutoka Igawilo kuleta viazi. Nikavua mbio mbio, kola ikashika sikio. Alipoingia koti lilikuwa msumarini, lakini lilikuwa linacheza.

Hakulisemea mara moja. Aliketi, akasema watoto wazima, mahindi yamevunwa, baba mkubwa anapita kila siku kuangalia paa kana kwamba paa linakimbia. Wazee wanataka niseme ndiyo kwenye kikao. Yeye hataki. Alikwishaniambia kaburini na leo karudia: "Mimi sirithiwi, shemeji. Si wewe, si mwingine. Shamba nalima mwenyewe tangu Tadeo yuko barabarani. Mtu wa kunilalia kitanda simtafuti."

Nikasema nami sitaki. Kweli sitaki! Yeye ni dada yangu kabisa, alinifulia sare za shule. Tumekubaliana: siku ya kikao nitasimama nikatae waziwazi, na bila mimi hawana mtu, maana binamu wote wameoa kanisani.

Mlangoni ndipo aliposema. "Hiyo koti yako msumarini inacheza na nani?"

Nikacheka kijinga. Yeye hakucheka. "Mimi nakutegemea wewe tu, gwe Asukile."

Najisikia mchafu.

Alhamisi, 19 Agosti

Nimeazima koti la mwalimu mmoja. Linaishia kiunoni. Naonekana mhudumu wa hoteli.

Iringa ni mbali. Nani atanijua kule? Shangazi Damari tu, ameolewa kule miaka mingi, na haendi kwenye mambo ya vijana. Sitapita kwake. Nitavaa ndani ya ukumbi, nitavua ndani ya ukumbi. Ni kwa saa mbili tu, basi.

Nimelikunja kwenye mfuko wa sukari.

Ijumaa, 20 Agosti. Iringa, kwa Liberatus

Tumefika. Kwa shida! Naandika nimekaa juu ya kreti.

Makambako basi lilisimamishwa. Mgambo wawili, ukaguzi wa mizigo. Mimi nilikuwa naogopa koti — bastola nimeisahau kabisa! Mgambo alitia mkono kwenye mfuko wangu, akatoa mkono, akatoa bastola. Mama mmoja aliinama chini ya kiti na mtoto. Nikasema ni mti, ni mti, ni mti! Sauti ilitoka nyembamba kama ya kuku.

Tukashushwa, mimi na Seni. Kwenye mfuko wa Seni wakakuta shuka jeupe na kopo la majivu. Ya nini haya? Seni, badala ya kueleza polepole, kasema, "Mimi ni daktari mbaya." Nilitamani ardhi ipasuke.

Mkubwa wao aliikwaruza bastola kwa ukucha, akaona mti. Ikawa sasa ni ujambazi wa kudanganyia. Dereva anapiga honi. Nikamwonyesha barua ya Liberatus, nikamwonyesha toleo la mwezi wa saba. Alilishika gazeti, akakaa juu ya tofali, akaanza kusoma! Picha kwa picha, anacheka. Akauliza kama ni kweli Daktari Jivu hafi kwenye toleo la mwezi wa nane. Seni kasema hafi. Mgambo kasikitika, katuachia. Bastola wameichukua, na gazeti.

Seni amecheka kuanzia Mafinga mpaka hapa. Mimi sijacheka. Ilikuwa dalili, ningekuwa na akili ningerudi.

Jumamosi, 21 Agosti. Iringa

Niandike yote kabla sijaanza kujidanganya.

Watu walikuwa kama sitini. Sitini! Nilidhani wagonjwa wa Kibatari ni mimi na Seni. Akina Mchana tulikuwa saba: mmoja na koti la mvua la kike, rangi ya waridi, mmoja kavaa blanketi na mkanda. Akina Bi Radi, yule msichana wa kikosi cha Mchana, walikuwa wanne, na suruali zao walizivalia stoo ya ukumbi kwa kuogopa vijana wa kukagua nguo barabarani. Seni na majivu yake alishangiliwa kuliko wote. Tulijuana kwa majina ya gazeti tu. Mtu asiyenijua alinikumbatia akasema, "Mchana! Nilijua hukufa kwenye pango!" Nilifurahi, sifichi. Sijafurahi hivyo tangu mazishi.

Mpiga picha ni mtu mfupi, kizibao, sauti kavu. Akatupitisha jukwaani mmoja mmoja. Tembea, geuka, tazama mlango kama adui anaingia. Wengine aliwapiga picha moja. Mimi nilipopita aliita, wewe wa koti, rudi. Nikarudi. Akapiga. Akasema kola juu. Akapiga. Akamnong'oneza Liberatus, na Liberatus akanitazama macho yamejaa kama baba wa bwana harusi. Akasema simama katikati, tazama mlango, usitikisike, usiseme.

Nikautazama mlango. Mlango ukafunguliwa. Akaingia mama na birika kubwa la chai.

Liberatus alikuwa ameniambia jana kwamba akina mama wa jamii watatuchemshia chai. Sikuuliza akina mama gani.

Shangazi Damari alisimama. Alilitazama koti kwanza, uso baadaye. Birika lilianguka, chai ikatapakaa mpaka miguuni kwa akina Bi Radi. Akapiga kelele: "Tadeo! Tadeo mwanangu, umekubali! Umesimama!" Akapiga magoti kwenye chai ile ile ya moto, akapiga kigelegele, akalia, vyote pamoja.

Na ukumbi ukapiga makofi! Walidhani ni igizo! Mpiga picha alichuchumaa, anapiga, anapiga, anasema safi mama, endelea, na wewe usitikisike!

Sikutikisika.

Ningeweza kusema neno moja. Shangazi, huu ni mchezo. Maneno manne. Yalikuwa mdomoni. Nilijua kabisa kwetu kunyamaza ukiitwa jina la marehemu ni kulikubali, nilimwona Tusekile amekaa pale kitandani kwangu na mfuko wake wa viazi. Lakini nilinyamaza kwa ajili ya picha. Mara tatu aliniita Tadeo na mara tatu nilinyamaza, nimeinua kidevu, kama Mchana. Aibu! Mimi ni mtu wa hovyo.

Nimechaguliwa. Barua ninayo mfukoni: nifike Dar tarehe mosi Septemba, nije na koti hilohilo.

Nilipomfuata shangazi nje kumweleza, hakunisikia. Alikuwa ameshampa dereva wa lori la Zambia ujumbe kwa baba mkubwa Saulo: koti limevaliwa, watu sitini wameona. Nikasema shangazi, ni gazeti. Kasema, "Gazeti ndiyo vizuri zaidi, mwanangu. Waone wote." Kesho tunapanda basi pamoja, ananisindikiza nyumbani. Seni ameosha majivu. Kanipa sigara, na mimi sivuti.

Jumapili, 22 Agosti. Igawilo

Naandika kwa penseli, kitandani, chumba cha nyuma kwa Tusekile. Wamenipa muda wa kunawa. Nje wamejaa.

Njiani shangazi hakuniruhusu kulivua. Jua la Chimala, jasho linatiririka, nikafungua kifungo kimoja, akakifunga. Ukilivua njiani, kasema, umemtupa ndugu yako barabarani. Dereva wa basi alitungoja tushuke njia panda kana kwamba nabeba maiti.

Baba mkubwa alinipokea uwanjani kwa mikono miwili. Shikamoo nimeimeza. "Ndaga fijo, Tadeo," kanishukuru. Tadeo! Wazee wote wamerudia. Nilijaribu: baba, naomba kusema. Kasema utasema kikaoni, kikao ni sasa, mwezi wa tisa wa nini wakati mwenyewe ameshajibu? Watoto watatu walikuwa wamepangwa mlangoni, wamepakwa mafuta. Mdogo kanisalimia vizuri sana, kama mgeni.

Tusekile kaingia sasa hivi na beseni la maji. Amevaa za kanisani. Kafunga mlango kwa mgongo.

"Ulivaa."

Nilivaa.

"Shangazi alipokuita ulisema nini?"

Nikasema nilinyamaza. Alinitazama. Heri angenipiga.

Kauliza kama huko Dar wananitaka kweli. Nikampa barua. Kaisoma yote, midomo inatembea. Kaikunja, kanirudishia.

"Nenda kwenye picha zako, shemeji. Koti hapana. Vua."

Nikasema bila koti hawatanichukua. Nimelisema hilo! Hata leo, hata hapa, ndilo neno lililonitoka kwanza.

Alinyoosha mkono mpaka nikavua. Nilidhani atalitia motoni. Akaingiza mkono wa kulia, akaingiza wa kushoto. Limemfika visigino. Amekunja mikono mara mbili, amefunga vifungo vyote, taratibu, kuanzia chini, halafu mkanda, akaukaza juu ya gauni la kanisani. Mimi nimekaa na shati tu, limelowa.

Baba mkubwa ameita, "Tadeo! Toka, mwanangu, watu wanangoja."

Nimeinuka. Tusekile kaniweka kiganja kifuani, kanikalisha. Kafungua mlango, katoka.

Vigelegele vimeanza. Vimekatika katikati.

Baba mkubwa anauliza, "Nini hii? Nani amekuita wewe?"

Na yeye, sauti haitetemeki: "Mmeita Tadeo, nimeitika. Shamba lipo, watoto wapo, mimi nipo. Kaeni basi, tuanze kikao."

Shangazi analia. Kuna mtu kasema hii haijawahi kutokea, mwingine kasema mwacheni amalize. Nasikiliza viti, nijue nani anakaa. Mpaka sasa kimelia kimoja, sijui cha nani.